Uwanja wa Mabehewa wa Kilindini na Riziki za Mombasa

Jina la Kilindini latokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu, na waliolitoa walikuwa watu wa bahari waliokijua kina kwa kukipima kwa kamba na bildi. Lakini kina cha maji peke yake hakifanyi bandari. Meli kubwa yaweza kutia nanga mahali pazuri kabisa, ikalala hapo mwezi mzima, na isimfae mtu yeyote ikiwa shehena yake haina njia ya kutoka pwani kwenda kwa wale wanaoingojea. Kati ya ubavu wa meli na mlango wa bara pana mahali ambapo wasafiri hawapatazami, na ambapo vitabu vya historia hupapita kwa haraka. Mahali hapo ni uwanja wa mabehewa, ambao wafanya kazi wa reli huuita yadi. Humo shehena iliyokuja imechanganyika hutengwa: hii ya Nairobi, hii ya Kisumu, hii ya Kampala, na mazao yaliyoteremka kutoka bara hutengwa kwa meli na kwa gati. Kazi hiyo yaonekana kuwa ndogo na chafu, yenye kelele za vyuma na vumbi la makaa. Hata hivyo historia ya Mombasa kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja na ishirini yaweza kusomwa kwa kuuliza swali moja tu: shehena inachambuliwa wapi? Maana pale inapochambuliwa ndipo penye ujira, bohari, mama wauza chakula na nyumba za kupangisha. Na pale inapopita bila kuguswa hapabaki kitu ila mtikisiko wa ardhi.

Kabla ya reli jibu la swali hilo lilikuwa wazi. Shehena ilichambuliwa katika Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, karibu na Ngome ya Yesu ambayo Wareno waliianza mwaka 1593. Majahazi yaliingia kwa pepo za kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakarudi kwa kusi. Bidhaa zilipita katika forodha, zikaingia katika maghala ya wafanya biashara, na humo zikafunguliwa na kufungwa upya. Nguo, ushanga na waya za shaba zilifungwa katika mizigo ya ratili sitini au sabini, kadiri ya uwezo wa kichwa cha mpagazi mmoja. Kutoka hapo msafara ulikwenda kwa miguu, na kufika Uganda kulichukua kiasi cha miezi mitatu. Njia hiyo ilikuwa ya taabu na gharama nyingi, lakini ilikuwa na sifa moja: kila mkono ulioigusa shehena ulidai sehemu yake. Hamali alipata chake, mpimaji akapata chake, mfungaji mizigo akapata chake.

Hata hivyo haifai zama hizo zipambwe kupita kiasi. Wengi wa waliobeba na kufunga walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira wao iliingia mikononi mwa mabwana hao. Neno kibarua lenyewe ni ushahidi. Asili yake ni barua ndogo, hati aliyopewa mtu wa kukodiwa kuwa alama ya kazi yake ya siku. Hati ikawa jina la kazi, na kazi ikawa jina la mtu. Katika historia itakayofuata neno hilo litaonekana tena na tena, kwa kuwa uwanja wa mabehewa uliurithi utaratibu wa kibarua pamoja na adha zake.

Jaribio la kwanza la kuweka reli Mombasa lilikuwa kama mchezo. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilitandika reli nyembamba yenye upana wa futi mbili, ikaenda maili chache tu kisha ikakoma. Vyuma vyake havikupotea bure. Vilitandikwa baadaye katika njia za mji wa Mombasa, na juu yake vikapita vigari vidogo vilivyosukumwa na watu, vikiwachukua maofisa na matajiri kati ya mji na Kilindini. Hivyo mji uliona reli kabla ya kuona garimoshi, na mashine ya kwanza ya kuisukuma ilikuwa miguu ya binadamu.

Kazi yenyewe ilianza baada ya Uingereza kutangaza himaya yake mwezi Julai 1895. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alifika Mombasa Desemba ya mwaka ule, na reli ya kwanza ya njia kuu ilitandikwa tarehe 30 Mei, 1896. Waliokuwa na amri walichagua mambo mawili yaliyoamua sura ya siku nyingi zijazo. La kwanza ni upana wa njia: ilichaguliwa mita moja, kama katika njia nyingi za Bara Hindi, kwa kuwa mafundi, mabehewa na vyuma vingi vilitoka huko. La pili ni mahali pa kuanzia. Hawakuchagua Bandari ya Kale, yenye nyumba zilizosongamana na mlango mwembamba wa bahari, bali Kilindini, upande wa magharibi wa kisiwa, penye maji mengi na ardhi tupu ya kutandikia njia nyingi sambamba. Kwa uchaguzi huo wa pili mji wa kale ulianza kugeuzwa kuwa nyuma ya nyumba. Majahazi hayakukoma kuja, lakini shehena kubwa ilikwisha kugeuza uso wake.

Uwanja wa kwanza wa Kilindini haukuhudumia biashara. Uliihudumia reli yenyewe. Njia iendayo bara ilijengwa kutoka mkiani mwake, na kila kitu ilichokula kilipita Mombasa: vyuma, mataruma, madaraja yaliyokuja vipande vipande kutoka Uingereza, injini, saruji na mchele. Watu pia walipita hapo. Wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya ujenzi, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Daraja lilijengwa kukiunganisha kisiwa na bara, likapewa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza. Tarehe 20 Desemba, 1901, njia ilifika ukingoni mwa ziwa la Nyanza, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo.

Katikati ya safari hiyo lilitokea jambo ambalo watu wa Mombasa hawakulipima uzito wake kwa wakati ule. Mwisho wa Mei 1899 reli ilifika katika uwanda wenye maji baridi na matope, maili zaidi ya 320 kutoka pwani na futi zaidi ya 5,000 juu ya bahari. Mbele yake palikuwa na miinuko ya Kikuyu na ukingo wa Bonde la Ufa. Kabla ya kupanda huko ilihitajika ardhi tambarare ya kupangia mabehewa, ya kuwekea akiba ya vyuma na ya kutengenezea injini. Uwanja wa mabehewa ukatandikwa hapo. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka ule ule, maduka yakafuata reli, maofisa wakafuata maduka, na mwaka 1905 makao ya serikali ya himaya nayo yakahama. Ndivyo Nairobi ilivyozaliwa. Wako wasemao kwamba mji ulizaliwa na hali ya hewa, na wako wasemao kwamba ulizaliwa na siasa za walowezi. Lakini mama yake mzazi ni uwanja wa mabehewa. Mombasa ilipoteza uongozi wa nchi kwa sababu kazi ya kuchambua ilipata makao ya pili juu ya mlima.

Kilichobaki Kilindini hakikuwa kidogo. Kwa miaka mingi ya mwanzo meli kubwa hazikuweza kufunga kando ya nchi kavu. Zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikateremshwa katika matishali, matishali yakavutwa mpaka ufukoni, na hapo makuli wakaipakua kwa mabega. Shehena moja iliguswa mara tatu au nne kabla ya kupanda behewa. Magati mawili ya kwanza ya maji marefu yalifunguliwa mwaka 1926, na ilipofika mwaka 1931 yalikuwa yametimia matano. Mwaka huo huo wa 1931 reli ilifika Kampala. Kutoka hapo winchi ya meli iliweza kuteremsha mzigo karibu na mlango wa behewa, na uwanja wa mabehewa ukawa jirani wa bahari bila ya mtu wa kati. Bandari na reli zilikuwa chini ya utawala mmoja, na kwa hiyo gati na yadi vilikuwa kama kiganja na vidole vyake.

Yafaa kazi ya yadi ielezwe, maana pasipo kuijua haiwezi kufahamika nguvu iliyokuwamo. Behewa moja la pamba kutoka Uganda na behewa moja la magadi kutoka ziwa la Magadi yaliweza kufika Mombasa katika garimoshi moja, lakini hayakuelekea mahali pamoja. Yalipoingia yadi, gadi alikabidhi hati zake, na makarani wakapita kando ya garimoshi wakiandika nambari za mabehewa na mahali yanapokwenda. Kisha injini ya yadi iliyashika yote kwa nyuma, ikayasukuma na kuyavuta, na watu walisimama kati ya njia na njia wakifungua viungo na kugeuza reli kwa mkono. Behewa moja likaingia njia ya tatu, mawili njia ya tano, manne njia ya nane, mpaka kila njia ikawa na mabehewa ya jamii moja. Upande wa kwenda bara kazi ilikuwa ngumu zaidi. Haikutosha kuyakusanya mabehewa. Ilipasa yapangwe kwa kufuata stesheni za njiani, ili yatakayoachwa Voi yasiwe yamefungiwa katikati ya yale yaendayo Nakuru. Kosa la dakika tano Kilindini liliweza kuwa kosa la saa tano katika stesheni ndogo yenye njia mbili tu.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Mtu aliingia kati ya mabehewa mawili yaliyokuwa yakikaribiana ili aunge minyororo na vyuma, usiku na mchana, kwa mvua na kwa jua, akitegemea ishara ya taa au bendera ya mwenzake. Aliyeteleza hakupata nafasi ya kutubu. Watu wa yadi walifundishana lugha ya ishara za mkono na filimbi, na sifa kubwa kwao haikuwa nguvu bali masikio.

Maumbile ya nchi nayo yalikuwa na amri yake. Garimoshi litokalo Mombasa huanza usawa wa bahari, na kabla ya kufika Nairobi huwa limepanda zaidi ya futi elfu tano. Kwa hiyo idadi ya mabehewa haikupangwa kwa wingi wa shehena iliyopo, bali kwa nguvu za injini mlimani. Shehena ikizidi nguvu hizo, hubaki yadi. Ikibaki yadi, gati hujaa. Gati likijaa, meli hungoja nje. Baada ya Vita Kuu ya Pili msongamano wa namna hiyo uliisumbua bandari kwa miaka kadhaa. Shirika la reli liliagiza kutoka Manchester injini za mvuke 34 za namna ya Garratt, zilizoanza kazi kuanzia mwaka 1955. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, ikapewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki, na iliweza kuvuta tani 1,200 katika mpando wa futi moja na nusu kwa kila futi mia. Hazikupata kujengwa injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwa njia ya upana wa mita moja. Hata hivyo injini haikupungukiwa kamwe na haja ya yule mtu aliyesimama gizani na taa yake. Kila tani aliyoivuta jitu lile ilikwisha kupangwa na mikono yake.

Kutokana na hayo yaonekana kwa nini uwanja wa mabehewa ulikuwa shingo ya nchi nzima. Kahawa na chai, pamba ya Uganda, katani, na tangu reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe, vyote vilipita katika njia zile chache. Hata mazao ya Moshi yaliweza kuteremka Mombasa, kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza iliacha nyuma yake reli iliyounganisha Voi na njia ya Tanganyika. Ashikaye shingo hahitaji kushika mwili. Watu wa kazi waliligundua jambo hilo kabla ya mabwana zao kulikubali.

Makuli wa gatini wengi wao walikuwa vibarua wa siku. Meli zilipokuwa nyingi walihitajiwa wote. Meli zilipopungua walirudi nyumbani mikono mitupu. Watu wa reli walikuwa wa mshahara wa mwezi, lakini mshahara ulikuwa mdogo na nyumba zilikuwa haba. Mwaka 1939 makuli wa bandari waligoma, wakafuata nyayo za wafanya kazi wengine wa mji. Kisha ikaja vita. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, manowari za Kiingereza za bahari ya mashariki zilihamia Kilindini, na mji ukajaa askari, shehena za vita na watu waliotafuta kazi. Bei za vyakula zikapanda, na kodi za vyumba zikapanda zaidi.

Tarehe 13 Januari, 1947, Mombasa ilinyamaza. Wafanya kazi wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa gatini, watu wa reli, watumishi wa hoteli, wapishi na madobi. Waligoma pamoja waliotoka pwani na waliotoka bara, wa mwezi na wa siku. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira ambao waliupa jina jipya, Kiwanja cha Maskini. Jina hilo lastahili kuwekwa kando ya jina la ule uwanja mwingine, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa mahali pa kuchambua: katika kimoja zilichambuliwa shehena, na katika kingine ulichambuliwa ujira wa wale wazichambuao. Mgomo ulidumu takriban siku kumi na mbili. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwaendea akawaomba warudi kazini kwa ahadi kwamba baraza la hakimu litayasikiliza madai yao. Walirudi, na nyongeza zilitolewa. Kiongozi wa chama chao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo, akapelekwa kuzuiliwa Baringo kwa muda wa miaka mingi. Serikali ilisikia madai, ikamwondoa mdai.

Mgomo ule uliwafundisha watawala somo ambalo hawakulitarajia. Waliona kwamba mtu asiye na kazi ya kudumu hana la kupoteza, na kwamba jeshi la vibarua ni jeshi la hasara siku likisimama. Kwa hiyo katika miaka ya 1940 na 1950 waliwaandikisha makuli, wakapunguza idadi yao, wakawataka wale waliobaki wafanye kazi siku nyingi zaidi kwa ujira bora. Chama cha makuli wa bandari kiliundwa mwaka 1954, na mgomo wa mwezi Machi 1955, ambao Tom Mboya alisaidia kuupatanisha, uliwapatia nyongeza kubwa ya mshahara. Kwa aliyebaki ndani ya orodha hiyo ilikuwa neema. Kwa aliyeachwa nje, mlango ulifungwa. Mwenendo huo wa kuinua wachache na kuwaacha wengi ulikuwa utangulizi wa mambo makubwa zaidi yaliyokuja.

Reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1948 pamoja na bandari zao, na kwa miaka ishirini mzigo ulihesabiwa katika daftari moja kutoka gatini hata ukingo wa Kongo. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, kila moja ikawa shirika mbali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na mwaka uliofuata Kenya ikawa na shirika lake la reli na halmashauri yake ya bandari. Kiganja na vidole vikatengana. Tangu hapo behewa lililokawia liliweza kulaumiwa na bandari kuwa ni kosa la reli, na na reli kuwa ni kosa la bandari, na mwenye mali akasimama katikati akilipia siku.

Wakati ule ule kilikuja kitu kilichobadilisha maana yenyewe ya kuchambua, nacho ni kasha la chuma. Gunia la kahawa huhitaji mtu wa kulinyanyua na mtu wa kulihesabu. Kasha la futi ishirini hunyanyuliwa na winchi moja, na mlango wake waweza kubaki umefungwa kutoka kiwandani mpaka dukani. Hakuna haja ya kulifungua pwani. Kituo cha kupokelea makasha kilifunguliwa Embakasi, Nairobi, mwaka 1984, ili makasha yasafiri kwa reli yakiwa yamefungwa na ushuru wake ukatozwe huko. Hii ilikuwa mara ya pili uwanja wa kuchambulia kuupanda mlima.

Wakati huo jambo hilo halikuzaa kelele nyingi, na sababu yake ni ya ajabu: reli ilikuwa imeanza kudhoofika. Injini zilichakaa, mabehewa yakaharibika, na shehena ikahamia katika malori. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni binafsi, na mkataba huo ukaisha mwaka 2017 bila ya kuirudishia nguvu. Katika udhaifu huo Mombasa ilipata uhai wa namna nyingine. Palipokuwa pembe za mji paliota bohari za makasha, ofisi za mawakala wa forodha, gereji za malori na vibanda vya chakula. Yadi moja kubwa ya vyuma ilikuwa imegeuka kuwa yadi mia ndogo za udongo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Na upwa wa watu hao haukuwa wa samaki, bali wa makasha.

Bandari nayo ilikua. Mwaka 2014 yalipita makasha zaidi ya milioni moja kwa kipimo cha futi ishirini, na mwaka 2016 gati jipya la makasha lilifunguliwa Kipevu kwa mkopo wa Japani. Tarehe 31 Mei, 2017, ilifunguliwa reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa benki ya China. Mwezi Januari 2018 ilianza kuchukua shehena. Reli iliingizwa mpaka ndani ya bandari, na kupangwa kwa garimoshi kukawa kazi nyepesi kupita zamani. Makasha yalipakiwa yote kwa safari moja, yakaenda yote Embakasi. Halikatwi behewa Voi, wala halipangwi la Nakuru. Yadi ya zamani ilikuwa kinywa kitafunacho. Yadi mpya ni koo limezalo.

Mkopo huo ulihitaji kulipwa, na reli ilihitaji shehena ya kuulipia. Bandari ilikuwa imefungwa na mkataba wa kuipatia reli kiasi maalumu cha mizigo, au kulipa upungufu wake. Mwezi Agosti 2019 ikatangazwa amri kwamba shehena zote za Nairobi na bara zichukuliwe na reli hiyo, na ushuru wake utozwe Embakasi. Mombasa iliondoka kitini. Wenye malori, mawakala, makuli, vijana wasio na kazi na viongozi wa dini walitembea barabarani. Amri ilisitishwa baada ya siku chache, lakini mabishano hayakwisha. Mwezi Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba amri za kuilazimisha shehena kufuata reli zilitolewa bila ya kuwashirikisha wananchi inavyopasa, kinyume cha Katiba. Na Septemba 13, 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo yarudishwa Mombasa.

Wanaoitetea reli mpya wana hoja zisizofaa kupuuzwa. Barabara kuu iliharibiwa na malori na ikawala watu wengi kwa ajali. Bandari ambayo mwaka 2024 ilipitisha makasha zaidi ya milioni mbili haiwezi kuyaweka yote kisiwani yangoje karani wa mwisho. Na mwenye duka Kampala au Kigali hakuumbwa alipie chakula cha mchana cha Changamwe. Yeye hutaka mali yake ifike upesi na kwa bei ndogo. Tena historia yenyewe yawajibu wa Mombasa kwa ukali kidogo. Uwanja wa Kilindini wanaouomboleza haukuwako tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Nao uliwanyima watu riziki: wapagazi wa misafara, wafunga mizigo wa mji wa kale, na wenye matishali yalipojengwa magati. Hakuna aliyewafanyia mahakama.

Lakini hoja hiyo, ikitazamwa vema, haimfungui mtawala wa leo, yamfunga. Ikiwa imejulikana kwa mifano mitatu au minne kwamba kuhama kwa uwanja wa kuchambulia ni kuhama kwa riziki za mji mzima, basi haiwezekani tena kusema kwamba madhara hayo yalitokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1899 Whitehouse alitafuta ardhi tambarare, na huenda hakudhani kwamba alikuwa akihamisha mji mkuu. Waliotoa amri ya mwaka 2019 walikuwa na historia yote hiyo mbele yao. Tofauti kati ya zama hizo mbili si upana wa reli. Ni kwamba waliofukuzwa kazi na tishali hawakuwa na mahali pa kuuliza, na waliofukuzwa kazi na kasha walikuwa na Katiba. Mahakama haikusema kwamba shehena ni mali ya Mombasa. Ilisema kwamba aamuaye mahali pa kuichambua hana budi kwanza kuwauliza watakaoguswa na uamuzi huo.

Reli ya mita moja ingali ipo Mombasa, ingawa fahari yake imekwisha. Moja ya injini zake za Garratt, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la reli huko Nairobi, ambako watoto wa shule huweza kwenda kuushangaa ukubwa wake. Fungu hilo la urithi nalo limepanda mlima. Kiwanja cha Maskini hakina jumba la makumbusho. Hata hivyo swali lililoulizwa humo Januari 1947 lingali hai kila kasha linaponyanyuliwa kutoka melini: je, wale ambao mikono yao huitenga mali ya nchi watahesabiwa katika hesabu yake, au wataandikwa katika kibarua na kusahauliwa jua likitua?